Raba za milango na vioo vya lori la zamani: jinsi ya kukagua, kununua na kubadilisha

Kiriri ni mtaa uliopo mlimani, upande wa mashariki wa jiji la Bujumbura, ukitazama Ziwa Tanganyika. Malori yanayopeleka saruji, nondo na matofali kwenye nyumba zinazojengwa huko hupanda barabara zenye mteremko mkali, na mengine hulala yameegeshwa pua juu au pua chini. Mvua ikinyesha usiku, dereva huamka akakuta maji kwenye sakafu ya kabini, kiti kimelowa na karatasi za mzigo zimeshikana. Lori hilo hilo likilala kwenye tambarare karibu na bandari, mvua hupita bila kuingiza tone.

Sababu ya kawaida ni raba za milango na vioo zilizochoka. Raba ni kitu kidogo, na kwa mmiliki mwenye matairi, breki na injini za kushughulikia, huwa jambo la mwisho kufikiriwa. Hata hivyo, ubovu wake hula bati la kabini, nyaya za umeme, afya ya dereva na wakati mwingine mzigo wa mteja. Makala hii inaeleza namna ya kuitambua raba iliyokwisha, kununua inayofaa na kuibadilisha ipasavyo.

KWA NINI RABA HUCHOKA MAPEMA

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura husafiri zaidi ya kilomita 1,500. Hupita jua kali la Dodoma na Singida, likavuka mpaka wa Kabanga na Kobero, kisha likapanda milima ya Burundi kupitia Muyinga, Ngozi na Kayanza. Bugarama ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na ukungu. Kutoka hapo barabara hushuka takriban kilomita 35 hadi joto la ziwani. Raba hukauka kwa jua, hulowa kwa ukungu, kisha husuguliwa na vumbi jekundu ambalo hufanya kazi kama msasa.

Kuna sababu tatu nyingine. Ya kwanza ni kubanwa. Raba iliyobanwa na mlango kwa miaka mingi hubaki bapa, haifuri tena mlango unapofunguliwa. Ya pili ni mguu wa dereva. Kwenye mizani, vituo vya ukaguzi na mipakani, dereva hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku, na kiatu husugua raba ya upande wa chini. Ndiyo maana mlango wa dereva huvuja kabla ya ule wa utingo. Ya tatu ni mafuta. Raba nyingi za magari hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao hustahimili jua na mvua lakini hauvumilii dizeli, oili wala grisi. Ikipakwa dizeli ili ing'ae, raba huvimba, hulainika, na baada ya muda hupasuka.

HASARA YAKE

Maji yakiingia kwenye kabini hukaa chini ya zulia ambako hayaonekani. Bati la sakafu na nguzo za mlango huanza kuoza kutoka ndani, na siku kutu inapoonekana nje, kazi huwa ya kuchomelea wala si ya raba tena. Kwenye malori mengi boksi ya fyuzi iko chini ya dashibodi, na maji yanayoteremka kutoka kona ya kioo cha mbele huifikia kwa urahisi. Taa zinazozimika bila sababu wakati wa mvua ni dalili ya kuchunguza.

Kuna pia suala la moshi. Ikiwa bomba la moshi lina tundu na raba za mlango zimekwisha, moshi huingia kabini, hasa lori likipanda mlima taratibu kwa gia nzito. Dereva hupata kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Dereva anayelala ndani ya kabini iliyojaa harufu ya moshi hapaswi kuizoea. Bomba litengenezwe na raba zibadilishwe.

Kwa mfanyabiashara, hasara kubwa ni kwenye bodi la mizigo. Saruji iliyolowa huganda, sukari huyeyuka na kushikana, unga huota ukungu. Masharti ya bima ya mizigo yanayotumika sana kimataifa yana kipengele kinachoruhusu kampuni kukataa kulipa pale chombo kilipokuwa hakifai kubeba mzigo na mwenye bima akijua hivyo wakati wa kupakia. Kwa hiyo mwenye mzigo anayeona mwanga unapenya kwenye milango ya nyuma, na bado akapakia, hujiweka mahali pabaya.

AINA ZA RABA NA MAJINA YAKE DUKANI

Lori la kawaida lina raba za aina zifuatazo:

1. Raba ya mlango. Huzunguka fremu ya mlango au mlango wenyewe. Nyingi zina mfereji wenye chuma ndani unaobana ukingo wa bati, na bomba laini la mpira ambalo ndilo linalozuia maji. Nyingine hubandikwa kwa gundi au kushikwa na vibanio.

2. Raba ya mfereji wa kioo. Ni ile ambayo kioo cha mlango hupanda na kushuka ndani yake. Ina kitambaa chenye vinyweleo ili kioo kiteleze.

3. Raba ya kufuta kioo. Iko kwenye ukingo ambako kioo huzamia mlangoni, moja nje na moja ndani.

4. Raba ya kioo cha mbele na cha nyuma. Kwenye malori mengi ya zamani, kioo hushikwa na raba nene yenye mifereji miwili, mmoja wa kioo na mmoja wa bati. Baadhi zina mkanda wa kufungia unaoingizwa mwisho.

5. Raba ya milango ya bodi au kontena. Hushikwa kwa bati jembamba na riveti.

Mafundi wengi wa Bujumbura hutumia majina ya Kifaransa. Raba ya mlango huitwa joint de porte, ya kioo cha mbele joint de pare-brise, ya mfereji wa kioo coulisse de vitre, na ya kufuta kioo lèche-vitre. Mfanyabiashara anayetoka Kigoma au Kahama akiyajua majina haya hupata alichokusudia haraka zaidi. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku na gereji ni nyingi, maelezo hueleweka kwa Kiswahili pia.

KUKAGUA KABLA YA KUNUNUA

Kosa linalogharimu wengi ni kununua raba mpya kabla ya kujua maji yanapitia wapi. Raba mpya kwenye mlango ulioshuka itavuja kama ile ya zamani. Ukaguzi ufuatao hauhitaji mashine yoyote.

Bawaba. Mlango ufunguliwe nusu, kisha uinuliwe kwa mikono miwili kutoka mwisho wake. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika. Bawaba zitengenezwe kwanza.

Matundu ya kutolea maji. Si kila maji yanayoingia mlangoni ni kosa. Mvua hupita kando ya kioo, hushuka ndani ya mlango na kutoka kwa matundu madogo yaliyo chini. Matundu yakizibwa na tope, maji hujaa. Hapa ndipo mteremko wa Kiriri unapofichua ubovu. Lori likilala kwa mteremko, maji yote hukimbilia kona moja ya mlango, na kama tundu la kona hiyo limeziba, hufurika na kumwagikia kabini. Mara nyingi waya mwembamba wa kuzibulia humaliza tatizo bila kununua kitu.

Nailoni ya ndani ya mlango. Nyuma ya paneli ya mlango kuna karatasi ya nailoni inayoyaelekeza maji chini. Fundi aliyewahi kutengeneza mashine ya kioo huenda aliichana na hakuirudisha. Nailoni nzito iliyobandikwa vizuri huchukua nafasi yake.

Karatasi. Kipande cha karatasi chenye upana wa vidole viwili kiwekwe kati ya raba na bati, mlango ufungwe, kisha kivutwe. Kikitoka kwa ugumu, raba inabana. Kikitoka bila kizuizi, hapo pana mwanya. Zoezi lirudiwe kila baada ya sentimita 10 hadi 15 kuzunguka mlango wote.

Chaki. Ukingo wa bati unaokutana na raba upakwe chaki, mlango ufungwe kama kawaida na kufunguliwa. Mstari wa chaki kwenye raba unapaswa kuwa mmoja bila kukatika. Ukikatika upande wa juu tu au wa nyuma tu, huenda mlango umepinda au kipande cha chuma kinachonaswa na kitasa kinahitaji kusogezwa.

Maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira wa kawaida bila presha. Kazi ianzie chini na kupanda taratibu, dakika mbili au tatu kila sehemu. Ukianzia juu, maji hushuka kila mahali na chanzo hakijulikani. Mashine ya kuoshea magari isitumike, kwani presha yake hupitisha maji hata kwenye raba nzima.

Kwa lori linalofanya kazi milimani, ni vyema jaribio la maji lifanyike mara mbili: pua ikiwa chini, kisha pua ikiwa juu. Pua ikiwa chini, maji ya paa hukimbilia kioo cha mbele na kona zake. Pua ikiwa juu, hukimbilia kioo cha nyuma na kona ya nyuma ya milango. Magurudumu yawekewe vigingi kila mara. Kabini isiinuliwe kamwe lori likiwa kwenye mteremko. Kazi yoyote ya kuinua kabini ifanyike chini, kwenye tambarare.

KUNUNUA

Duka likiwa na raba ya aina halisi ya lori hilo, ndiyo ya kuchukua. Kwa malori ya miaka mingi, raba hiyo mara nyingi haipatikani, na hubaki raba ya kukatwa kwa mita. Hii hufaa ikiwa imelingana kwa mambo matatu: unene wa bati ambalo mfereji wake unabana, ukubwa wa bomba, na upande ambao bomba limekaa. Bomba la juu na bomba la ubavuni si kitu kimoja.

Njia salama ni kukata kipande cha sentimita 5 cha raba ya zamani na kwenda nacho dukani. Kikatwe sehemu ya juu ya mlango ambako raba haijabanwa sana, kwa kuwa ya chini imekwisha bapa na itadanganya vipimo. Urefu upimwe kwa kamba kuzunguka fremu yote pamoja na kona, kisha iongezwe angalau sentimita 10.

Raba ya mtumba iliyotolewa kwenye lori lingine imeshachukua umbo la mlango wake wa kwanza, na kwa raba ya mlango haina faida kubwa. Hata raba mpya ikaguliwe: ikibanwa kwa vidole irudi haraka, ikikunjwa isionyeshe nyufa, na isiwe imekaa juani dukani.

KUBADILISHA RABA YA MLANGO

Vifaa ni bisibisi bapa, kisu kikali, brashi ya waya, msasa, nyundo ya mpira, sabuni, rangi ya kuzuia kutu na gundi ya mpira. Siku iwe kavu. Nchini Burundi, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu zaidi na ndiyo nzuri kwa kazi hii, kabla mvua za Septemba hazijaanza.

Kwanza, raba ya zamani ivutwe taratibu kuanzia chini. Ipigwe picha au iwekewe alama ili ijulikane bomba lilikuwa limeelekea wapi na maungio yalikuwa wapi.

Pili, ukingo wa bati usafishwe. Gundi ya zamani ikwanguliwe, kutu isuguliwe hadi bati jeupe lionekane, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu. Rangi iachwe ikauke kabisa. Raba ikivishwa juu ya rangi mbichi, hushikana nayo na kuivua. Ukingo uliopinda unyooshwe, na uliooza uchomelewe kwanza, kwani mfereji wa raba hauna cha kubana. Petroli isitumike kusafishia ndani ya kabini kwa sababu ya hatari ya moto. Maji ya sabuni au spiriti vinatosha.

Tatu, raba ivishwe kuanzia katikati ya upande wa chini, ipande upande mmoja na kuzunguka. Isivutwe hata kidogo. Raba iliyovutwa hujikunja yenyewe baada ya siku chache, na mwanya hutokea kwenye maungio. Kwenye kona isukumwe ndani kwa ziada kidogo ili bomba lisijikunje na kuwa bapa. Nyundo ya mpira igonge polepole hadi mfereji ushike bati kila mahali.

Nne, mwisho ukatwe ukiwa mrefu kwa takriban nusu sentimita, sawasawa bila mshazari. Nchi mbili zipakwe gundi, zisubiriwe hadi gundi inate kidoleni bila kutoka, kisha zisukumwe zikutane. Urefu huo wa ziada ndio unaozibana.

Tano, mlango ufungwe na uachwe hivyo usiku kucha. Siku za kwanza utakuwa mgumu kufunga, jambo ambalo ni la kawaida kwa raba mpya. Baadhi ya madereva huupigiza kwa nguvu, na hapo kitasa na kioo huumia. Ukiendelea kuwa mgumu baada ya wiki moja, kipande kinachonaswa na kitasa kisogezwe nje kidogo. Majaribio ya karatasi na maji yarudiwe.

VIOO VYA MILANGO

Kioo kinachotikisika na kupiga kelele barabarani kimepoteza raba ya mfereji. Paneli ya mlango hufunguliwa, kioo hushushwa hadi chini, na raba ya zamani huvutwa kutoka juu. Mchanga uliobaki kwenye mfereji utolewe wote, maana ndio unaochora kioo. Raba mpya huanzia kona za juu, kisha hushuka pande zote mbili. Kioo kipandishwe polepole mara kadhaa kabla ya kurudisha paneli. Kama kinakuwa kizito, kilainishwe kwa silikoni ya kupuliza, si grisi.

KIOO CHA MBELE

Kazi hii ni ya watu wawili au watatu, na ni vyema awepo fundi aliyewahi kuifanya. Raba huvishwa kwanza kwenye kioo mezani. Kamba imara ya nailoni huzungushwa ndani ya mfereji wa bati, na ncha zake hupishana katikati upande wa chini. Raba na bati hupakwa maji ya sabuni. Kioo huwekwa kwenye nafasi yake kutoka nje, kisha mtu wa ndani huvuta kamba taratibu huku wa nje akisukuma kwa viganja. Kamba inapotoka, hugeuza mdomo wa raba na kuuvisha juu ya bati. Mkanda wa kufungia, kama upo, huingizwa mwisho.

Kioo kisichoshikwa na raba bali kilichogandishwa kwa gundi ni kazi tofauti. Hicho huhitaji gundi yake maalumu, na lori lisiendeshwe kabla ya muda wa kukauka ulioandikwa kwenye gundi hiyo kupita.

MILANGO YA BODI NA KONTENA

Jaribio bora la bodi ni mwanga. Mtu aingie ndani mchana, milango ifungwe, naye atazame kingo zote. Mwanga ukipenya, maji yatapenya. Riveti hutolewa kwa drili, bati la kushikia hunyooshwa, na raba mpya hufungwa kwa riveti mpya, midomo ikielekea nje. Bodi likiegeshwa kwenye ardhi isiyo sawa hujikunja kidogo na milango huacha mwanya, kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye tambarare.

Mlango wenye lakiri ya forodha usiguswe. Kutoa riveti au bawaba za kontena lililo safarini, hata kwa nia njema, kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kuchezea mzigo. Maji yakionekana kuingia njiani, mamlaka ya forodha ya nchi husika, TRA kwa Tanzania au OBR kwa Burundi, iarifiwe kwanza, na kontena lifunikwe kwa turubai juu.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Silikoni yenye harufu ya siki hupakwa sana kuziba mianya. Asidi yake hula bati lililo wazi, na kutu huendelea chini yake bila kuonekana. Aidha, raba itakayokuja baadaye haishiki juu ya silikoni. Kubandika raba mpya juu ya ya zamani hufanya mlango usifunge vizuri na kuumiza bawaba. Mpira wa ndani wa tairi uliokatwa vipande hufaa kumfikisha dereva nyumbani, lakini hauna bomba la kufuata umbo la bati.

UTUNZAJI

Mara moja kwa mwezi raba zioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa, kisha zipakwe silikoni ya kupuliza kiasi kidogo. Matundu ya chini ya milango yazibuliwe wakati huo huo. Mara mbili kwa mwaka, mwezi Agosti kabla ya mvua za kwanza na mwezi Januari kabla ya masika, jaribio la karatasi lifanyike kwenye milango yote. Msafirishaji mwenye malori kadhaa anashauriwa kuandika tarehe ya kila raba iliyobadilishwa kwenye daftari la lori husika, ili lori lisipelekwe na sukari au saruji Bugarama likiwa na mlango ambao haujulikani hali yake.